Mwati wa Mikinduri

Jumatatu, 18 Machi

Ng'ombe sita kabla ya chai ya saa nne. Wanne wana mimba, mmoja hana, mmoja alinipiga teke gotini. Huyo wa teke ana mimba pia.

Dokta Karimi huingiza mkono wenye glavu ndefu hadi karibu na kwapa. Mimi hushika mkia kwa mkono mmoja na skrini kwa mwingine. Miaka mitatu sasa. Wakulima wa Runyenjes wananiita dokta vilevile, maana hapa kila mwenye gambuti na mkoba ni dokta. Sikatai. Kumsahihisha mtu ambaye ameambiwa ng'ombe wake ana mimba ni kukosa adabu.

Mashine yetu ya kupiga picha ya tumbo wanaiita TV ya ng'ombe. Leo mama mmoja aliuliza kama inashika taarifa ya habari.

Jumatano, 20 Machi

Gachoka. Jua la Mbeere halina huruma. Mbuzi wa maziwa kumi na mmoja wa kikundi cha akina mama. Skrini haionekani juani, kwa hiyo nilijifunika blanketi pamoja na Dokta kama watu wanaovuta mvuke wa mwarubaini. Akina mama walicheka sana.

Kusoma picha nimejifundisha mwenyewe, juu ya bega la Dokta. Nyeusi ni maji. Nyeupe ni mfupa. Kijivu ni kila kitu kingine, na kwa ajili ya hicho kijivu watu huenda chuo miaka mingi. Leo niliona pacha kabla yake. Nikakohoa. Akarudisha kichwa cha mashine nyuma kidogo, akamwona. Baadaye akanipa soda mbili, wengine moja.

Kila Ijumaa Dokta huenda kwa mama yake Meru, nami hubaki na mashine niichaji. Hudhani huwa naichaji tu. Nimekwisha pima mbwa wa jirani, paka, na tumbo langu mwenyewe. Langu lilikuwa na githeri.

Jumapili, 24 Machi

Stima imepotea mjini tangu jana. Baada ya ibada nikabeba mashine hadi kwa kaka yangu Njagi, juu kwenye chai, niichaji huko.

Wengine wakaketi sebuleni. Mimi nikazunguka nyuma kwenye mabanda. Nilikuwa na shida yangu ya kikazi. Miaka yote hii naona matumbo yenye kitu. Yakiwa hayana, Dokta huvuta mkono, husema "tupu", na picha huondoka kabla sijaitazama vizuri. Tupu inafananaje? Sijui. Nikakumbuka kwamba kwa Njagi kuna tumbo moja ambalo utupu wake umekubaliwa na wazee wa pande mbili. Mwati wa mahari ya binti yangu Wawira.

Kondoo mpole. Nikaweka jeli pale karibu na kiwele pasipo na manyoya. Nikatia kichwa cha mashine.

Dimbwi jeusi. Ndani ya dimbwi, mbavu kama meno ya kitana. Katikati ya mbavu kitu kidogo kinapiga, kinapiga, haraka kuliko saa yoyote.

Nikafuta jeli kwa shati langu. Nikarudi ndani. Wakaniambia niombee chakula. Nikaomba.

Jumatatu, 25 Machi

Sikulala vizuri. Niandike mambo yalivyo, labda kichwa kitatulia.

Mwati ni kondoo jike ambaye hajawahi kupandwa. Huletwa na upande wa mvulana, pamoja na dume, yaani nturume, kusema kwamba msichana ameombwa. Mwati akija na mimba, ni kama barua iliyofunguliwa njiani. Hurudishwa. Na mazungumzo yote hurudi mwanzo, kama yatakuwa na mwanzo mwingine.

Wawira ni mtoto wangu wa pekee. Anafundisha Mikinduri, upande wa Meru, na huko ndiko alikompata Mwenda, mwalimu mwenzake. Jumamosi ya Pasaka athoni, wakwe zetu, wanakuja kumalizia. Mwezi wa tano ni kanisa.

Mahari iko kwa Njagi kwa sababu baba alifariki na Njagi ndiye mkubwa. Mimi nimepanga vyumba viwili nyuma ya kinu cha posho, kondoo ningemweka chini ya kitanda. Njagi ni mzee wa kanisa siku ya Jumapili na mzee wa mila siku sita zinazobaki. Hakuupenda mpango huu tangu mwanzo. Mikinduri ni mbali, husema, na watu wa mbali hatujui wanaficha nini. Anangoja sababu. Sasa sababu ipo bandani kwake, ina mbavu, na anayejua ni mimi peke yangu.

Mama Wawira sijamwambia. Kila jambo hulipeleka kwa maombi, na huomba kwa sauti.

Alhamisi, 28 Machi

Wawira amepiga simu. Anataka nishone suti. "Baba, si lile koti la mazishi, tafadhali." Nikasema sawa. Anacheka kama zamani alipokuwa akinificha viatu nisiende kazini.

Nawachukia watu wa Mikinduri wote kwa jumla. Walileta kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba vizuri hivyo, asali, maneno matamu. Kumbe kondoo walimtoa katikati ya kundi bila hata kuuliza amekuwa akilala wapi. Wangemwuliza mchungaji tu.

Ng'ombe tisa leo. Sikukohoa hata mara moja.

Jumapili, 31 Machi

Njagi anamsifu mwati mbele ya wageni. "Tazameni anavyoshiba kwangu." Mkewe, Mama Njeri, hakusifu. Alimtazama yule kondoo kama anavyomtazama msichana anayevaa sweta wakati wa jua.

Najua sura ile. Tumekwisha.

Jumanne, 2 Aprili

Tumekwisha kweli. Njagi amepiga simu asubuhi, sauti ya mkutanoni. Mama Njeri amemwambia. Hataki kubishana na mwanamke wala kumshtaki mtu bure. Ameita wazee wawili wa kwetu, na watu wa Mikinduri amewaambia wamtume Mzee M'Itonga, mjomba wa Mwenda, ndiye msemaji wao. Jumamosi tarehe kumi na tatu. Nilete mashine.

"Ireri, si hiyo TV yenu huona ndani? Basi ione."

Nimewaza jambo baya, na nitaliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Hakuna hata mzee mmoja anayeweza kusoma ile picha. Kwao ni mvua ya kijivu. Nikisema tupu, itakuwa tupu. Watakunywa uji, watakwenda, Wawira ataolewa. Mwanakondoo atakuja mwezi wa sita, harusi ikiwa imekwisha. Wakati huo waseme watakalo.

Wazo hili ni zuri sana. Ndiyo maana linanitisha.

Alhamisi, 4 Aprili

Kuna dalali mmoja wa ng'ombe hapa sokoni. Ana mtamba wa kuuza na tayari amepata mnunuzi, anayetaka mtamba mwenye mimba. Dokta akapima. Hana. Dalali akamvuta kando, akaanza kumwita binti yangu, dada yangu, shangazi. Atamke tu neno moja mbele ya mnunuzi.

Dokta akavua glavu taratibu, kidole kwa kidole.

"Mzee, picha haina shangazi."

Dalali akanigeukia mimi kama mtu mzima mwenzake. Nikajifanya nafunga betri. Nilikuwa naifunga kwa dakika nyingi sana.

Ijumaa, 5 Aprili

Nikiwa naosha ndoo, nimemwuliza Dokta, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama mimba ya mbuzi inaweza kujulikana ni ya siku ngapi. Akasema naam, unapima upana wa kichwa cha mtoto. Unaweka alama ya msalaba huku na huku, mashine inasoma, unaangalia kwenye jedwali. Akanionyesha vitufe. Miaka mitatu sikuwahi kuvigusa vile, nilidhani ni vya mwangaza.

"Mbuzi wa nani, Mzee?"

"Wa jirani."

"Mwambie jirani kwamba kwa kondoo jedwali ni tofauti kidogo." Akanipa karatasi ya kondoo, akapanda gari, akaenda Meru. Sikuwa nimetaja kondoo.

Jumapili, 7 Aprili

Nimepima mara tatu. Mara ya kwanza nilipima jiwe la figo au sijui nini. Mara ya pili na ya tatu zilikubaliana. Jedwali linasema siku sitini na tisa hivi.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira mpya, kwa kuwa sasa nilitaka tarehe kamili ya kosa la Mikinduri. Nikafungua daftari hili nyuma, siku waliyoleta wanyama. Nanakili kama ilivyo:

*Jumamosi, 12 Januari. Athoni wamefika saa saba, walitakiwa saa nne. Mwati mmoja, nturume mmoja mdogo, pembe ndiyo kwanza zinachomoza. Njagi amewajengea banda lao peke yao wawili. Hataki mahari ichanganyike na kondoo wa kawaida. Wali ulikuwa mbichi.*

Nikahesabu kwa kalamu. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu kwa kalenda ya duka la dawa za mifugo iliyo ukutani. Tangu walipofika ni siku themanini na tano. Mtoto ana sitini na tisa.

Hakuja na mimba. Alikuja safi kabisa. Aliipata kwa Njagi, wiki mbili baada ya kufika, katika banda alilojengewa kwa heshima, pamoja na dume mmoja na mlango uliofungwa kwa waya ili asiingie mwingine.

Nilicheka mpaka Mama Wawira akaja kuuliza. Kisha nikaacha kucheka. Wazee walikuwa watano siku ile, wote wafugaji tangu utotoni. Mimi nilikuwepo, mwenye kazi ya mimba. Hakuna aliyeona dume na jike. Tuliona mahari.

Jumatano, 10 Aprili

Ukweli sasa unamwokoa Wawira. Lakini unamvua nguo Njagi mbele ya wakwe, naye ni mtu wa kuvunja chungu kwa sababu ametiwa aibu na mfuniko. Akisimama akasema mashine ni ya uongo, na kwamba mdogo wake amenunuliwa na Wameru, harusi inakufa vilevile.

Sina suti bado.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeenda kwa Njagi nimwambie tukiwa wawili. Nilibeba daftari ndani ya koti. Tukazungumza juu ya mvua inayojivuta. Tukazungumza juu ya bei ya majani ya chai. Akanionyesha nturume, amenona, alisema, mtulivu, hasumbui.

Nikanywa chai vikombe vitatu. Nikarudi nyumbani na daftari langu.

Mimi ni mwoga. Nimeandika.

Jumamosi, 13 Aprili

Imekwisha. Niandike kabla sijaanza kuipamba.

Dokta Karimi hakwenda Meru. Nilimkuta amekwisha fika kwa Njagi, gambuti miguuni. Nikainama kumshika kondoo kama kawaida yangu. Akanitangulia.

"Leo nashika mimi. Wewe soma."

Mzee M'Itonga ni mrefu, mkavu, ana kofia ya manyoya ambayo haivui hata juani. Alikuja na wenzake wawili. Kwetu ni Njagi na wazee wake. Tulitundika blanketi kwenye kamba. Vichwa sita vya wazee vikaingia chini yake pamoja nami, na wote walikuwa wamekula vitunguu.

Nikaonyesha dimbwi. Mbavu. Moyo. Nilikuwa nimejiuliza usiku kucha kama ulimi utasema tupu wenyewe. Haukusema. Na isingesaidia, maana M'Itonga aliuona moyo ule kabla sijanyoosha kidole. "Huyo anapepesa," alisema. Kumbe mtu akiwa na hofu ya kutosha husoma.

Njagi alitoka chini ya blanketi kama mtu aliyeshinda kesi. "Mmeona! Mmetuletea mama mkamwita msichana. Na kama kondoo ni hivi—" Hakumaliza, lakini tulijua alikuwa anaelekea kwa nani. Wazee wetu wakatazama chini. Mmoja wa Mikinduri alianza kukunja koti lake la mvua, na hakukuwa na mvua.

Nikasema, kuna kipimo kingine. Nikaweka msalaba huku, msalaba huku. Nikasoma. Siku sabini na tano, nikasema, unaweza kuongeza wiki moja au kupunguza.

Nikamtazama Dokta. Alikuwa ameshika mguu wa kondoo, macho kwenye skrini. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja.

M'Itonga alikuwa anahesabu, nyuma, midomo ikitembea. Njagi pia. M'Itonga alifika kwanza lakini akangoja. Kule kungoja kwake sitakusahau. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Ndugu yangu Njagi. Hapa alikuwa analala wapi?"

Nilifikiri sasa. Sasa chungu kinavunjika. Njagi alitazama banda. Nturume alikuwa amesimama pale, kichwa nje ya ubao, anatafuna, anatutazama sote kama mwenyekiti. Njagi alimtazama muda mrefu.

"Pale," akasema. "Na huyo."

Mama Njeri, mlangoni pa jikoni, alijifunika uso kwa leso na mabega yakaanza kutikisika.

M'Itonga akaenda akamshika Njagi mkono. "Usione haya. Hata sisi tungewafunga pamoja. Nani huogopa mahari itaoana yenyewe?" Kisha akageukia wenzake. "Tulileta wawili, wenzetu wamewafanya watatu. Tuwaongezee nini tena watu hawa?"

Hapo wazee wakacheka, wa huku na wa huku. Njagi alikuwa wa mwisho. Kwanza alikohoa, kisha kikohozi kikageuka.

Wakakaa, wakaamua. Aliyepewa kutunza ndiye anayejaza pengo. Njagi atatoa mwati mwingine katika kundi lake, asimame badala ya huyu, na Pasaka iko palepale. Njagi akakubali kwa sharti moja. Apimwe kwanza. Na M'Itonga akasema, basi hata kondoo wa kwao huko watataka kupimwa siku hizi, Dokta huja mpaka kwao Tigania? Dokta akasema huja. Akasema huja na mwenzake.

Wawira alikuwa ametuma ujumbe mara nne, kila mara neno moja. *Baba?* Nikaandika: *Njoo na koti lako, huku kuna baridi.* Akapiga simu akilia. Nikamwambia mama yake ndiye atakayemweleza, mimi nina jeli mikononi.

Jumanne, 16 Aprili

Njagi anajenga banda jipya. La mmoja.

Ijumaa, 19 Aprili

Suti iko tayari. Suruali ndefu kuliko mimi.

Jumatatu, 22 Aprili

Wageni wameondoka. Mvua ilianza jana jioni na bado.

Jumamosi ilipita vizuri. M'Itonga alisema maneno mengi mazuri na Njagi akamjibu kwa mengi zaidi. Nturume alichinjwa, kama ilivyokuwa imepangwa tangu Januari. Mwati wa kwanza amepewa Mama Njeri kwa kuwa na macho.

Wawira amerudi Mikinduri na sanduku lake la bati lililokuwa chini ya dirisha. Limeacha alama sakafuni, mraba msafi. Mama Wawira amefagia chumba chote, hapo hakufagia.

Yule mwati mpya tulimpima Alhamisi, Dokta ameshika, mimi nasoma, wazee hawapo. Nilichukua muda wangu. Dokta hakunikimbiza. Nilitafuta kushoto, kulia, chini kabisa karibu na kibofu. Miaka yote hii nilidhani tupu itakuwa nyeusi, shimo. Si hivyo. Ni kijivu tu, laini, kimejikunja kidogo, kama nguo iliyokunjwa ikawekwa.

Kesho ng'ombe saba, kuanzia saa mbili.